Marhala kwa Marhala Hadi Mwitongo

Katika milima ya Andes, nchini Peru, kuna mahame ya Wainka yaitwayo Choquequirao. Hakuna gari lifikalo huko, wala reli. Mwenye kutaka kuyaona hana budi kushuka kwa miguu katika bonde refu la mto Apurímac, kuuvuka mto, kisha kupanda upande wa pili mpaka afike kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenda na kurudi humchukua siku nne au tano. Katika njia nyingine za milima hiyo, kama ile ipitayo chini ya kilele cha Salkantay kuelekea Machu Picchu, zimejengwa nyumba za wageni zilizoachana kwa mwendo wa siku moja moja. Msafiri huondoka nyumba hii asubuhi, jioni akafika nyumba ile, akaoga, akala, akalala, na kesho yake akaendelea. Watu hutoka Ulaya na Marekani na kulipa fedha nyingi ili wapate kuchoka namna hiyo.

Mpango huo si mpya. Wainka wenyewe walikuwa na mtandao wa njia, Qhapaq Ñan, wenye urefu wa takriban kilomita 30,000, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014 kwa maombi ya nchi sita kwa pamoja. Kandokando ya njia hizo palikuwa na nyumba za mapumziko na ghala zilizoitwa tambo, zikipangwa kwa kufuata mwendo wa mtu wa miguu. Mtalii wa leo, pamoja na maji yake ya moto na kitanda chake laini, anafuata mpango wa zamani sana.

Nasi Waislamu tunayo ya kwetu ya kulinganisha. Njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, yenye zaidi ya kilomita 1,400, iliitwa Njia ya Zubayda kwa sababu Bibi Zubayda binti Jaafar, mkewe Khalifa Harun al-Rashid, aligharimia visima, mabwawa na vituo vyake. Baadhi ya vituo hivyo leo ni mahame katika jangwa la Saudi Arabia. Na katika fikihi tunayowasomesha watoto wetu, kipimo cha safari ni marhala, yaani mwendo wa siku moja wa msafara wenye mizigo. Mtoto wa madrasa hujibu bila kusita kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i msafiri hupunguza sala safari yake ikifika marhala mbili, kwamba marhala ni farsakh nane, na kwamba farsakh ni maili tatu. Ukipiga hesabu unapata maili 24 kwa marhala moja. Hesabu ni sahihi, lakini mtoto huyo amepanda basi maisha yake yote, na maili 24 kwake ni dakika arobaini za kusinzia dirishani.

Hapo ndipo ninapotaka kumleta msomaji nyumbani, mkoani Mara. Kutoka Butiama hadi mjini Musoma ni kiasi cha maili 26. Ndio umbali uliokuwa kati ya kwao Julius Nyerere na shule ya bweni ya Mwisenge alikoanza kusoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kwa maneno ya vitabu vyetu, umbali huo ni marhala moja na maili mbili za nyongeza. Mtu huyohuyo, akiwa Rais, alitembea kwa miguu mwezi Oktoba 1967 kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda katika mkutano mkuu wa TANU, mwaka ambao vijana wengi walikuwa wakitembea masafa marefu kuunga mkono Azimio la Arusha. Juu ya siasa zake kila mmoja ana maoni yake, na ukurasa huu wa familia si mahali pa kuyajadili. Ninachokitaka ni ile njia. Njia ya miguu ipo, makazi yapo kila baada ya saa chache, na mwishoni mwake yapo mahame.

Neno mahame nalitumia kwa makusudi. Watu wengi hudhani kwamba Mwitongo, jina la boma la ukoo wa Nyerere pale Butiama, ni jina tu kama Bweri au Balili. Sivyo. Katika Kizanaki, kama katika lugha nyingi za jirani zake, itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu kisha pakahamwa. Mwitongo ni kwenye mahame. Maelfu wamefika pale, wakaingia katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, wakasimama mbele ya kaburi, wakapiga picha, wakarudi katika basi, bila kuambiwa kwamba jina la mahali walipokanyaga linatangaza kuwa hapo waliishi watu wengine kabla.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tuliondoka Musoma watu saba wa nyumba moja: mimi na mke wangu, wifi yake, shemeji yangu, na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka 15 na mdogo miaka 9. Juni ni mwezi mzuri. Masika yamekwisha, njia ni kavu, na jua bado halijawa kali kama la Septemba. Tulianza baada ya sala ya Alfajiri, ziwa likiwa nyuma yetu, na kabla jua halijapanda tulikuwa tumeipita stendi ya Bweri, ambako makondakta walituita kwa huruma wakidhani tumekosa nauli. Mizigo mizito tuliitanguliza kwa bodaboda, na yule mdogo alipopata malengelenge naye akatanguliwa vivyo hivyo. Sioni aibu kulieleza hilo. Safari ya familia haipimwi kwa ukali wake.

Siku mbili za kwanza, kandokando ya barabara ya lami mpaka Makutano na kisha kupinda kuelekea Butiama, hazina mengi ya kusimulia kwa upande wa mahame. Zina mengi kwa upande wa wenyeji. Nyumba ya wageni tuliyolala usiku wa kwanza ilikuwa ya vyumba sita, ya mama mmoja mjane ambaye hajawahi kupokea familia ya watembea kwa miguu, na alituuliza mara mbili kama kweli hatuna gari. Si Mwislamu. Shemeji alimweleza kwa adabu kwamba kuku tungependa kumchinja wenyewe, na kwamba tungeomba sufuria isiyopikiwa nguruwe. Hakuona kero. Alimwita kijana wake ashike kuku, akatuletea ndoo ya maji kwa ajili ya udhu na mkeka safi, akawaonyesha wanawake chumba kilichokuwa mbali na kile cha kuuzia vinywaji. Ugali wake ulikuwa wa muhogo uliochanganywa na mtama, na dagaa wake sijala wengine kama wao. Asubuhi alituuliza kama jamaa zetu wengine watakuja kwa namna hii, maana, alisema, wenye mabasi hupita mlangoni kwake na hakuna anayeshuka. Kanuni za sala ya msafiri tulikuwa tumekwisha kumuuliza sheikh wetu kabla ya kutoka, na ninamshauri kila mwenye nia ya safari afanye hivyo, kwa sababu hukumu hufuata urefu wa safari yote uliyoinuia na siku unazokaa mahali pamoja.

Butiama tulipumzika siku nzima. Kilima chenyewe kina miamba mikubwa ya matale, mviringo juu ya mviringo, na kando ya boma kuna msitu mdogo wa Muhunda ambao Wazanaki wa mila wamekuwa wakiuheshimu na kuuacha bila kukatwa. Itikadi zinazouzunguka si zetu, lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho: pale miti imesimama, na kwingineko vilima viko wazi. Watoto walitaka kuona kuta. Walikuwa wameona picha za Machu Picchu katika simu, na kichwani mwao mahame ni mawe yaliyochongwa. Mtoto wa kati aliuliza, "Baba, mbona hapa hakuna kilichobaki?"

Swali lake ndilo makala hii. Wainka walijenga kwa mawe, na katika kuta zao bora wakayapanga bila udongo wala saruji, na mawe hayo yamengoja miaka mia tano. Jirani zetu wa Kenya, kaunti ya Migori, wanayo Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa makavu vivyo hivyo, kuta zake zikifika mita nne na zaidi mahali pengine, ambalo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Wazee wetu wa Mara kusini walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba ikihamwa, mchwa humaliza miti kwa misimu michache, mvua ikasawazisha udongo. Kinachobaki kinahitaji mtu wa kukuonyesha.

Na tulimpata mtu huyo siku ya nne, tulipofika Nyamuswa katika nchi ya Waikizu. Alikuwa mzee wa umri unaozidi miaka themanini, babu wa rafiki yake shemeji. Watoto walimwamkia, naye akawataka kwanza waseme ukoo wao, kisha akachukua fimbo yake, akatutoa njiani hatua zisizozidi mia mbili. Tulipita shamba la mihogo, tukasimama mahali ambapo mimi niliona kichaka tu. Yeye aliona mji. Safu ile ya minyaa, alitueleza, haikuota yenyewe, ni ua wa boma. Pale majani yalipo mabichi kuliko kwingine palikuwa na zizi la ng'ombe, na samadi ya miaka mingi bado inalisha ardhi. Jiwe lililotoboka katikati kama bakuli ni jiwe la kusagia ulezi, na aliyelitoboa alikuwa mama wa mama yake. Mawe matatu yaliyokaribiana ni mafiga. Aliwaambia watoto wachimbue kwa kidole, wakatoa kigae cha chungu chenye michoro ya mistari ukingoni. Wakakirudisha, kwa amri yake.

Kisha akaanza kutaja majina. Hakutaja tarehe. Alitaja mahali, akielekeza fimbo: hapa alikaa fulani, akahamia pale baada ya njaa ya namna fulani, watoto wake wakaenda kule. Mlima Chamuriho ulikuwa mbele yetu, na simulizi mashuhuri ya Waikizu, ya Isamongo mwindaji aliyekuwa na moto na Nyakinywa, mwanamke wa mvua aliyetoka upande wa Usukuma, aliisimulia kama anayesoma ramani, akionyesha ni wapi huyu alitokea na ni wapi yule alipumzika. Binti yangu mkubwa aliandika katika daftari. Alipojaza kurasa nne mzee akachoka.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye aliwasikiliza wazee wa sehemu hizi kwa miaka mingi na mwaka 2007 akatoa kitabu chake juu ya kumbukumbu za ardhi ya Serengeti, ameonyesha kwamba hii ndiyo njia ambayo historia ya Waikizu, Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme imehifadhiwa. Imehifadhiwa katika orodha za mahali, zinazokumbukwa kwa kufuata nyayo. Ukiiondoa miguu, orodha inakatika. Mtu anayepita kwa basi kati ya Bunda na Musoma hana nafasi ya kuuliza mahali fulani panaitwaje, na mtoto asiyeulizia jina la mahali hatalirithi.

Yako mahame ambayo hata kwa miguu hayafikiki tena kirahisi. Waishenyi husimulia juu ya Nyeberekera, makao yao ya zamani yaliyo ndani ya eneo ambalo leo ni hifadhi. Mwisho wa karne ya 19 ulikuwa mwisho wa makazi mengi ya upande ule. Ukame, uvamizi wa Wamaasai, na sotoka iliyoua ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 viliwasukuma watu magharibi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951, na baadaye mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo mwaka 1994, mahame hayo yalibaki upande wa pili wa mpaka. Kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi bila kibali na askari wa wanyamapori hakuruhusiwi, na hata akili haikuruhusu, kwa sababu ya tembo na nyati. Mgeni atokaye mbali huoneshwa uwanda ule kama nchi ambayo haijawahi kukaliwa na mtu. Mzee wa Kiishenyi akiutazama huona kwa nani palikuwa wapi.

Siku ya tano tulifika Bunda, na jioni tukapanda mlima Balili. Kutoka juu, upande mmoja unaona maji ya Ghuba ya Speke na upande mwingine nyanda zinazoanza Serengeti. Chini, karibu na maji, iko kata ya Nyatwali, ambayo wakazi wake katika miaka hii ya karibuni wametakiwa kuhama kwa fidia ili eneo liungane na hifadhi na wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Hoja za serikali zimeelezwa mara nyingi, na malalamiko ya fidia pia. Mimi naongeza jambo moja dogo tu: pale yanatengenezwa mahame mapya, mbele ya macho yetu, na wanaojua kila mti ulipandwa na nani wako hai na wana simu za kurekodi. Je, nani anaandika?

Huko Peru, Hiram Bingham alipofika Machu Picchu mwaka 1911 na dunia ikaambiwa kwamba mji uliopotea umegunduliwa, alikuta familia za wakulima zikiishi pale na kulima katika matuta ya Wainka, na kijana wa pale ndiye aliyemtembeza. Kwa wenyeji haukuwa umepotea. Tofauti ni kwamba sifa zilikwenda kwingine, na ilichukua miaka mingi sana kabla wachukuzi wa njia ile hawajawekewa kikomo cha mzigo cha kilo 20, kama kilichopo pia kwa wapagazi wa Kilimanjaro. Kwa hiyo sipendi tungoje kampuni kutoka nje ije kutujengea nyumba za kupumzikia kati ya Musoma na Bunda na kutuuzia mababu zetu. Tulichohitaji katika siku tano hizi kilikuwepo tayari: vyumba safi vya bei nafuu, akina mama wanaojua kupika, vijana wa bodaboda, na wazee. Kilichokosekana ni wapitaji. Madrasa zetu hupanga ziara kila mwaka, na nyingi huishia katika mabwawa ya kuogelea. Wanafunzi ishirini wakitembea siku mbili tu, kutoka Makutano hadi Butiama na kurudi, wakalala kwa mama yule mjane na mwenzake wa jirani, watakuwa wameacha fedha mahali ambapo hazifiki, na watakuwa wameipima nusu ya marhala kwa nyayo zao. Qur'ani Tukufu imetuhimiza zaidi ya mara moja kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Sijui kama kutazama kwa dirishani kunatosha.

Kwa mwenye nia, nitaongeza haya machache. Chukueni maji mengi kuliko mnavyodhani, maana kati ya kijiji na kijiji visima vya kunywa ni vichache mwezi wa Julai na Agosti. Kadiri mnavyokaribia mpaka wa hifadhi msitembee kabla jua halijachomoza vizuri wala baada ya Magharibi, kwa kuwa tembo hutoka usiku kufuata mashamba. Waulizeni wenyeji kwanza kila asubuhi, na wakisema ngojeni, ngojeni. Vigae na mawe ya kusagia viacheni mlipovikuta. Mgeni akipewa hadithi na mzee, si vibaya akaacha sukari na sabuni nyumbani kwake. Na mtafuteni huyo mzee kwanza, kabla ya kutafuta chumba, kwa sababu vyumba vitakuwepo mwakani pia.

Daftari la binti yangu lina majina 31 ya mahali. Tisa kati yake hatukuyasikia vizuri, na tumeweka alama ya kuuliza mbele yake. Mzee wa Nyamuswa ameahidi kutupeleka Chamuriho baada ya mavuno, magoti yakimruhusu, inshaallah.